Mtu mzima akikwambia aliumizwa utotoni

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Hapa Dodoma, mtu mzima akithubutu kueleza mbele ya ukoo alivyofanyiwa akiwa mtoto, methali hii hutolewa upesi ili anyamaze. Kwa aliyeumizwa, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Mlango ukibamizwa tu moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa jasho, na usiku usingizi unakatika saa nane.

Swali baya kuliko yote ni "mbona siku zote hukusema?" Mtoto hunyamaza kwa sababu ametishwa, au anayemuumiza ndiye anayemlisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wavulana nao, jamani; hao ndio hatuwaulizi kabisa.

Mwambie: "Nakuamini. Kosa si lako." Usimshike bila kumwomba. Usimbane kwa tarehe; kumbukumbu za namna hii huja vipande vipande, na kuchanganya mwaka hakumfanyi mwongo. Wala usiitishe kikao cha kusameheana bila ridhaa yake.

Kuhusu tiba, Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa tangu 1927, lakini jina lake tumeligeuza tusi, na tusi hilo linawazuia watu kutibiwa. Tiba ya mazungumzo kwa kiwewe kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 16, kimoja kwa wiki. Mshauri mzuri humwacha mtu achague kiti, mara nyingi kile kinachotazama mlango. Vikao vya kwanza ni vya kujifunza kujituliza: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5. Simulizi lenyewe hufuata baadaye, kidogo kidogo. Anayedai lote siku ya kwanza anatonesha kidonda.

Simulizi likianza, ndoto mbaya zinaweza kuongezeka kwa muda. Wengi huacha hapo, na ndugu husema "mnamchimbua bure." Amwambie mshauri wake ili wapunguze mwendo, asikatishe.

Na kama aliyemuumiza bado anaishi na watoto, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Hilo halisubiri vikao viishe.