Lete maji

Hina ya mkono wa kulia imeanza kubanduka kwenye ncha za vidole, na maneno mawili yale bado hayajanitoka. Jana nimefua nayo, leo nimepanda nayo basi la chuo, na asubuhi maabara, napima unga kwenye mizani, nikajisikia nayatamka kwa sauti mpaka mwenzangu wa meza akaniuliza nimesema nini.

Najua mnasubiri harusi ya Achari, rafiki yangu wa bwenini hapa India. Mmeuliza picha, mmeuliza sari, mmeuliza kama kweli bwana harusi alikuja na farasi. (Alikuja na gari la wazi. Farasi waliogopa atashtuka na fataki.) Wiki yenyewe ilikuwa kubwa: pendekezo langu la utafiti limepita, na dada kajifungua wa kiume, kilo tatu na nusu, wote wazima, alhamdulillahi. Lakini kila nikikaa kuandika kinachokuja ni bilauri ya maji.

Ilikuwa Ijumaa mchana, kwao Madhapar, nje kidogo ya mji wa Bhuj, wilaya ya Kutch, Gujarat. Tulikuwa tumeshuka alfajiri kwenye treni ya usiku kutoka huku Vadodara ninakosoma, na baridi ya Kutch mwezi wa kwanza si ya kuchezea. Kwao karibu mwezi mzima kabla ya tarehe 14 Januari hakufungwi ndoa, wanasema wakati si mwema. Sikukuu ya Uttarayan ikipita, tiara zikishuka tu angani, kila mtaa una turubai na vipaza sauti. Sisi tulifika wakati huo huo wa purukushani.

Walikuwa wanampaka bibi harusi pithi. Manjano, unga wa dengu, mafuta, maji ya waridi. Harufu iliponifikia nilirudi Tanga bila nauli, ndani ya chumba cha mwali anayesuguliwa singo. Achari kakaa kwenye kigoda, nguo kuukuu, na wanawake kama ishirini wanapita mmoja mmoja: shavu, mkono, unyayo. Ukizubaa unapakwa na wewe. Mimi nilipakwa pua, na ile pua ya njano ndiyo itakayoonekana kwenye picha zote za siku ile, kwa hiyo msiniulize.

Pembeni ya ua kuna bembea. Nyumba nyingi za Wagujarati wenye nafasi zina bembea, pana kama kitanda, na ndiyo kiti cha mkubwa wa nyumba. Juu yake alikuwa Ba, bibi yake Achari. Mdogo, sari nyeupe, miguu haifiki chini. Achari alikuwa amenifundisha tangu bwenini: kwa mkubwa unainama, unagusa miguu. Nikainama, nikagusa, na kwa vile mikono imeshika miguu ya mtu mzima mdomo nao ukafanya kazi yake wenyewe. Nikasema, "Shikamoo."

Akaweka mkono kichwani mwangu. Kisha akasema:

"Wewe natoka wapi?"

Kwa Kiswahili. Niligeuka nyuma kutafuta nani kasema.

"Tanga, Ba. Tanzania."

"Tanga." Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jirani. "Mimi Mombasa. Makupa."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa furaha, nina maswali kumi, ndipo akasema:

"Kuja. Lete maji."

Nikasema, "Haya." Nikaenda kuleta maji.

Ni hayo tu. Hakukunja uso, hakupaza sauti. Alikunywa bila kugusisha bilauri mdomoni, wanavyokunywa wao, akanirudishia. Nami nikasimama pale nimeshika bilauri, pua ya njano, na kitu kimenichoma ambacho sikukielewa. Mbona hakuitika marahaba? Mbona kati ya Kiswahili chote alichobaki nacho kilichotoka ni hicho? Na ile "haya" yangu, iliyotoka haraka vile, ilitoka wapi?

Usiku, nimelala kwenye godoro na binamu zake saba, mikono imekaukiwa na hina siwezi hata kujikuna, ndipo nikakumbuka. Bibi. Bibi yangu mwenyewe. Bibi alifanya kazi ya ndani kwa Wahindi pale Tanga miaka tisa, kabla ya kuolewa na babu. Sisi wajukuu tulikuwa na mchezo naye: anakaa kibarazani, anapiga makofi, anaita "Pani lav!" na sisi tunakimbilia mtungini kugombania kata. Wa kwanza kufika anapewa kashata. Nilikua nikidhani ni maneno ya mchezo, kama ukuti ukuti. Nimekuja kujua ni Kigujarati hapa Vadodara, mwaka wa kwanza, kwenye foleni ya mgahawa, mtu nyuma yangu anamwambia mhudumu: pani lav. Lete maji.

Kwa hiyo Bibi alitoka kwenye ile nyumba na maneno mawili ya Kigujarati, na Ba alitoka Mombasa na maneno mawili ya Kiswahili, na ni yale yale. Nimelizungusha hilo kichwani siku nne. Kuna wakati linanichekesha, kuna wakati nataka kurudi Madhapar nimuulize Ba maji alikuwa anamwagiza nani.

Mwenzangu wa chumba, Mchaga wangu, anasema nimekuza mambo, bibi wa watu ana kiu. Mama nilimsimulia Jumapili kwa simu akacheka mpaka akakohoa: "Sasa mimi nikitaka maji hukuambia vipi? Hukuandikia barua?" Kweli. Kwetu mkubwa haombi maji, anaagiza. Angenisemesha hivyo shangazi yeyote wa Ngamiani, kwetu Tanga, nisingelikumbuka hata saa moja. Na wajukuu wake mwenyewe Ba nimeona anavyowaendesha: lete hiki, ondoa kile, wewe mwenye miwani, viatu. Hata hivyo.

Mkitaka kujua, kichwa changu kilikuwa kimeshavurugwa na maneno tangu asubuhi. Naambiwa nikamsalimie "dada", nakutana na mzee wa masharubu meupe. Kumbe dada kwao ni babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo. Na mama, jamani, mama ni mjomba. Sari ya ndoa, panetar, nyeupe yenye pindo jekundu, sharti iletwe na mama, na mama akaingia na kitambi chake na sinia kichwani, ngoma zinapigwa, na mimi peke yangu nacheka.

Jumamosi ndiyo ndoa, na Jumamosi sikumkumbuka Ba hata kidogo, afadhali niseme ukweli. Masi, yaani mama mdogo wake Achari, alinifunga sari ya bandhani kwa pini tisa, mtandio umepita begani kutoka nyuma kuja mbele kwa mtindo wao. Kitambaa kizima kimejaa vidoti, na kila kidoti kilifungwa uzi kwa kucha kabla ya kutiwa rangi. Nikawa nakigusa kila dakika kama mtoto mwenye kiatu kipya. Bwana harusi kufika mlangoni, mama mkwe anampokea kwa sinia la taa, na ghafla mkono unachomoka kumkamata pua! Ni desturi, ajue hapa amekuja kuomba. Kijana alikuwa ameonywa, akakwepa mara mbili, mara ya tatu akashikwa, na upande wetu ukapiga vigelegele. Vigelegele nilianzisha mimi. Walidakia baadaye.

Kisha viatu. Bwana harusi akivua viatu kupanda kwenye mandap, jukwaa la ndoa, dada zake bibi harusi wanaviiba, na havirudi bila fedha. Upande wa pili nao huweka walinzi. Walinzi walikuwa wanawatazama binamu tu. Mgeni kutoka Afrika aliyekaa kwa adabu na sari yake, hakuna aliyemtilia shaka. Kiatu cha kulia kilikaa chini ya mikunjo ya sari yangu saa mbili nzima. Nilikuwa nacho, kina lulu za bandia zinanichoma pajani, wakati wanashusha pazia lililowatenga maharusi, wakati mikono yao inaunganishwa, wakati wanauzunguka moto. Mara nne, si saba, Wagujarati huzunguka mara nne. Saba ni hatua zinazofuata. Kaka yake anamtilia nafaka mikononi, nafaka inaingia motoni, moshi unatutoa machozi sote, na mimi nasali nisiambiwe nisimame. Tulitaka rupia 11,001, tukakubali 5,101. Mgawo wangu 200, nimeuweka ndani ya daftari na sitautumia.

Zile moja moja za mwisho mmeziona? Zawadi yangu mimi ilikuwa 501, kwenye bahasha iliyobandikwa sarafu ya rupia kabisa dukani. Fedha isiyoishia na sifuri haijafika mwisho, hivyo wanasema.

Chakula kwa mistari. Hakuna nyama, hakuna kitunguu, hakuna saumu, na sikumisi chochote. Undhiyu, mboga za msimu wa baridi na kiazi kikuu cha zambarau na ndizi, mafuta yanang'aa, puri zinafura, shrikhand, mtindi mzito wa sukari, baridi, wenye iliki na zafarani. Wagawaji wanapita na ndoo, ukifunika sahani kwa mkono wanamimina juu ya mkono. Na nyuma yangu, sijui saa ngapi alifika, sauti ile:

"Kula."

"Nimeshiba, Ba."

"Kula. Hapana ona haya. Wewe, leta puri hapa." Sasa hapo alikuwa anamwagiza mgawaji, kijana wa Kigujarati asiyejua neno la Kiswahili. Na puri ikaja.

Jioni bibi harusi akaondoka. Mnajua mimi na kuaga. Achari alimshika baba yake shingoni hakumwachia, masi wanalia, mama mwenye kitambi analia, hata mpiga ngoma alikuwa anatazama chini. Ba alikuwa kwenye bembea, macho makavu. Nikakaa chini karibu na miguu yake maana sikuwa na nguvu ya kusimama.

"Mimi hapana lia," akasema. "Mimi nalia zamani. Nalia kwa Karanja mpaka Bombay."

Nikafikiri ameulilia karanga. Mtu mzima, nikasema labda alikuwa binti mdogo, ana njaa. Nikamwambia kwa upole, "Ba, mbona karanga zimejaa hapa Gujarat?"

Akanitazama. Akanipiga kofi la paja, lile lile lenye alama za lulu. "Karanja! Meli!"

Akacheka mpaka bembea ikaanza kwenda yenyewe. Karanja ilikuwa meli ya Mombasa na Bombay. Aliolewa huku akiwa na miaka kumi na minane. Baba yake fundi mwashi alibaki Mombasa na mama yake vilevile, na hakuwaona tena pamoja. Picha alizokuja nazo zilibaki chini ya kifusi nyumba ya zamani ilipoanguka kwenye tetemeko la 2001. Haya yote Achari ndiye aliyenitafsiria jana kwa simu. Kwa Kiswahili chake Ba aliishia kwenye meli.

Jumapili alfajiri nilienda kumuaga. Nikainama, nikagusa miguu, nikasema tena shikamoo, taratibu, kila silabi, nikasubiri.

"Haya, enda," akasema, akanisukumia kifurushi cha karatasi ya fedha, thepla, chapati nyembamba za viungo, kumi na mbili, nilizihesabu. "Kula njiani."

Nimekula sita. Nyingine nimezificha Mchaga asizione.

Kaka ameniandikia mchana kwamba Mama anataka kuuza cherehani. Hakusema kwa nini, na Mama Jumapili hakunigusia kabisa, alikuwa anacheka tu. Cherehani lile la miguu, la Bibi, lililotusomesha. Hapa ni saa nne usiku, kule saa moja na nusu, huo ndio muda wa Mama wa kukaa na simu mkononi. Nimepiga mara mbili, inaita tu.