Presha, ubongo na panya wa Kyoto

Tangu mama aanzishiwe dawa za presha hapa Kisumu nimekuwa nikisoma sana, na kuna jambo limenikaa moyoni. Sisi tukitaja presha tunataja chumvi, moyo na mawazo. Ubongo wenyewe hatuutaji.

Mwaka 1963, watafiti Okamoto na Aoki wa Kyoto, Japani, walitangaza ukoo wa panya ambao presha huwapanda wenyewe wanapokua, hata bila kulishwa chumvi nyingi. Waliupata kwa kuzalisha wale wenye presha ya juu wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Panya wa asili hiyohiyo wenye presha ya kawaida hutumika kulinganisha.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Panya hao hurithi presha kupitia jeni, na jeni inaweza kuwepo lakini ifanye kazi kwa nguvu au kwa unyonge. Kwa hiyo watafiti huchukua haipothalamasi na shina la ubongo wa panya hao, sehemu zinazoamuru mishipa ibane au ilegee, wakapima RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa inapofanya kazi. Jeni za mfumo wa angiotensini, kemikali ya mwili inayobana mishipa na kupandisha presha, zimechunguzwa mno. Wengine hupima panya wachanga, presha ikiwa haijapanda, kwa sababu mabadiliko ya baadaye yanaweza kuwa matokeo ya presha, si chanzo. Uangalifu huo nauheshimu sana.

Panya si mtu, ndiyo. Lakini mama aliniuliza kama losartani, dawa yake ya presha, inahusiana na hiyo angiotensini. Inahusiana, mama: huziba kipokezi cha angiotensini, yaani mahali inaponasa kwenye seli ili ifanye kazi. Wenye wazazi wanaomeza dawa hiyo, waelezeni hivyo pia.