Balbu ya wati 60 katika programu yangu ya kwanza ya C

Mwalimu wetu wa umeme katika chuo cha ufundi hakupenda mifano ya vitabuni, kwa hiyo zoezi letu la kwanza la lugha ya C lilihusu vitu viwili alivyovileta mwenyewe: pasi ya wati 1000 na balbu ya kizamani ya wati 60, vyote vya volti 230. Programu ilitakiwa kusoma volti na wati kutoka kwenye kibodi, kisha itoe mkondo kwa ampea na ukinzani kwa omu. Nilitangaza namba zote kuwa za aina ya float ili desimali zisipotee, nikazipokea kwa scanf, nikagawanya wati kwa volti kupata mkondo, na kwa kuwa C haina alama ya kipeo (ya kuzidisha namba kwa yenyewe), nikaandika volti * volti / wati kupata ukinzani.

Kwa pasi, skrini ilionyesha ampea 4.35 na omu 52.90, na mita tuliyoishika mkononi ilisoma karibu hivyo hivyo. Kwa balbu, programu ilitoa ampea 0.26 na omu 881.67, ilhali mita ilisoma omu sitini na kitu. Mwenzangu aliishuku programu. Mimi niliishuku mita, na kusema kweli nilikuwa tayari kubishana mpaka jioni.

"Wanangu," mwalimu akasema, "programu inazungumzia balbu inayowaka, nanyi mmeipima ikiwa baridi."

Akatueleza kwamba uzi wa tungsteni hufikia joto la nyuzi 2500 hivi za Selsiasi, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi, ilhali waya wa nikromu ulio ndani ya pasi haubadiliki sana. Kisha akatuagiza tuongeze mstari unaogawanya volti 230 kwa ukinzani wa baridi. Jibu lilizidi ampea 3, na ndiyo ampea ambazo uzi huo hupokea kwa sehemu ndogo mno ya sekunde unapowashwa. Pale nilielewa kwa nini balbu za nyumbani ziliungua mara nyingi wakati wa kubonyeza swichi, jambo ambalo mama alimlaumu nalo fundi.

Nilibadilisha maneno ya printf, amri inayoandika jibu kwenye skrini, yasomeke "Ukinzani kifaa kikiwa kazini", mwalimu akatia saini daftari, tukaanza zoezi la transfoma.