Kulea watoto kabla na baada ya shule Uingereza: anza na lango la shule

Anayetaka kulea watoto nyumbani kwake hapa Uingereza, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, namuuliza kwanza: shule gani? Wengi huwa bado hawajafika huko. Wameshanunua vitu vya kuchezea, wameshafikiria jina la biashara, lakini shule hawajaichagua. Mzazi anayeingia kazini saa tatu hahangaiki na rangi ya kuta zako. Anatafuta mtu wa kumfikisha mwanawe kwenye lango la shule fulani kwa wakati, na kumpokea kwenye lango hilohilo alasiri. Ukishalijua lango, mengine yote yanajipanga nyuma yake: idadi ya watoto, bei, chakula, mkataba.

Toka mlangoni kwako utembee hadi shuleni kwa mwendo wa mtoto, si mwendo wako. Mtoto wa miaka minne mwenye begi na koti zito anaweza kumaliza dakika ishirini kwenye kilomita moja, na siku ya mvua zaidi ya hapo. Ikipita dakika ishirini na tano, tafuta shule nyingine au kubali kuendesha gari. Gari lina gharama zake: bima inayotaja matumizi ya biashara, na kiti cha mtoto kwa kila aliye chini ya miaka 12 ambaye hajafika urefu wa sentimita 135. Watoto wanne, viti vinne, na kutafuta maegesho karibu na shule saa ambayo kila mzazi anayatafuta. Mimi naona kutembea ni bora karibu kila mara.

Shika shule moja. Shule mbili zinaonekana kuleta wateja wengi, lakini lango la asubuhi hufunguliwa kwa muda mfupi, mara nyingi dakika kumi au kumi na tano, na alasiri mwalimu wa wadogo hamwachii mtoto mpaka amwone anayemchukua. Shule moja ikitoa watoto saa tisa na robo na nyingine saa tisa na dakika ishirini na tano, huku zimeachana mwendo wa robo saa, kila siku kutakuwa na mtoto anayekusubiri ofisini. Hata shule moja yenyewe iulize vizuri, kwa sababu nyingine huwatoa wadogo kwanza na wakubwa dakika kumi baadaye, tena kwa lango jingine.

Sasa usajili. Nazungumzia England tu, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Ukilea nyumbani kwako, kwa malipo, mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, lazima usajiliwe na Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule na malezi ya watoto, au na wakala wa walezi (childminder agency). Watu hujidanganya hapa kwamba asubuhi ni dakika tisini tu, kwa hiyo sheria haiwahusu. Ukiongeza jioni umeshavuka. Na hata ukifanya asubuhi peke yake, bila usajili mzazi hawezi kukulipa kupitia Tax-Free Childcare, mpango wa serikali wa kuchangia gharama za malezi, wala kudai gharama zako kwenye Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na wazazi wengi wanaofanya kazi huuliza hilo mwanzoni kabisa.

Omba rejista zote kwenye fomu hiyohiyo. Wa darasa la Reception, yaani darasa la kuanzia shule, wamo kwenye rejista ya watoto wadogo (Early Years Register), hadi tarehe 31 Agosti inayofuata baada ya kutimiza miaka mitano. Wakubwa wao hadi miaka 7 wako kwenye sehemu ya lazima ya rejista ya pili (Childcare Register), na wa miaka 8 na kuendelea kwenye sehemu yake ya hiari. Ukiiacha hiyo ya hiari, mtoto wako wa kudumu akitimiza miaka 8 mzazi wake anapoteza msaada wa serikali, na wewe unampoteza mteja.

Utahitaji mafunzo ya huduma ya kwanza ya watoto ya saa 12, yanayorudiwa kila miaka mitatu, bima ya dhima kwa umma (inayolipa mtu akiumia au mali ikiharibika kwa sababu ya kazi yako), na ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi za jinai, kwako na kwa kila mwenye miaka 16 au zaidi anayeishi nyumbani. Kwa familia zetu zilizotoka Afrika Mashariki, hapa ndipo maombi yanapokwama. Aliyeishi nje ya Uingereza katika miaka mitano iliyopita hutakiwa kuleta cheti cha tabia njema cha nchi aliyoishi, na cheti cha Tanzania au Kenya hakipatikani kwa siku mbili. Kianze hicho kabla ya fomu. Bibi akija kutoka Mombasa na ikawa sasa anaishi nanyi, Ofsted waambie mapema, isipite siku 14. Nyumba ikiwa ya kupanga, au ya halmashauri, chukua ruhusa kwa maandishi. Na angalia viza yako: mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na kazi hii ni kujiajiri.

Idadi ya watoto ndiyo inayowaangusha hata wazoefu. Walio chini ya miaka 8 wasizidi sita kwa wakati mmoja, na wanao wa kuwazaa wamo kwenye hesabu. Katika hao sita, wadogo, yaani ambao hawajafika ile Septemba mosi baada ya kutimiza miaka mitano, wasizidi watatu, na wa chini ya mwaka mmoja ni mmoja. Upo unafuu: watoto wa miaka minne na mitano wanaokuja kabla na baada ya shule au wakati wa likizo tu wanaweza kuongezwa juu ya wale wadogo watatu, alimradi jumla isipite sita. Kwa hiyo mama mwenye wawili wake wa miaka 3 na 6 ana nafasi nne tu. Wa miaka 8 na zaidi hawaingii kwenye sita, ila usiwajaze mpaka wadogo wakakosa mtu wa kuwaangalia. Andika hesabu hii kwenye karatasi kwa kila saa ya siku, na uirudie kila Septemba, mwaka wa shule unapoanza.

Asubuhi ni ngumu kuliko jioni, ingawa ni fupi. Jioni mkichelewa dakika tano hakuna kinachoharibika. Asubuhi lango linafungwa na mtoto anaandikwa kachelewa kwa sababu yako. Weka saa ya mwisho ya kupokea mtoto, kwa mfano dakika ishirini kabla ya kutoka, na kifungua kinywa kiishe nusu saa kabla. Viatu vikae kwenye trei moja karibu na mlango, begi la kila mtoto chini ya ndoano yenye jina lake, chupa ya maji imeshajazwa. Kinachochelewesha ni kiatu kimoja kilicho chini ya kochi, na barua ya ruhusa ya safari ambayo mzazi hakuitia saini. Muulize mzazi akiwa bado mlangoni: leo kuna barua? Kuna michezo? Akishaondoka umechelewa. Katikati ya Desemba jua la London huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, basi kila mtoto avae kizibao kinachong'aa, kwenda na kurudi.

Shule haitakupa mtoto kwa sababu tu mnafahamiana. Mzazi awape jina lako kwa maandishi, na mkubaliane neno la siri kwa siku atakayekuja mtu mwingine. Pangeni pia kwamba mabadiliko yoyote yakufikie kabla ya saa nane mchana. Balaa la kawaida ni shangazi aliyemchukua mtoto mapema bila kukuambia, nawe umesimama na wengine watatu ukimsubiri. Ikitokea, usiondoke hapo. Muulize mwalimu, mpigie mzazi, upate jibu la mtu mzima ndipo uanze safari. Wahesabu watoto langoni, kila mnapovuka barabara, na mlangoni kwako.

Wanatoka shule na njaa kali, na njaa hiyo ndiyo ugomvi wa nusu saa ya kwanza. Wape kitu ndani ya dakika kumi tangu kufika: matunda, mkate na jibini, viazi vya kuchemsha, sambusa za kuoka. Zabibu zipasuliwe kwa urefu mara nne kwa wadogo. Uji ni chakula kizuri sana cha asubuhi za baridi, lakini soma pakiti ya uji wa lishe, kwa maana mwingi una karanga na soya ndani ya unga, na rangi wala harufu haimwonyeshi mtoto mwenye mzio wa karanga kwamba zimo. Kashata na achari zenye karanga zisiwepo kabisa nyumbani kama kuna mtoto wa hivyo. Uliza mizio kwa maandishi, na kuhusu halali uliza pia nani anakubali nyama ya duka gani.

Bei weka kwa kipindi, usiweke kwa saa. Tuseme unafikiria £6 kwa saa: asubuhi saa moja na nusu hadi saa tatu, jioni saa tisa na robo hadi saa kumi na mbili. Hizo ni saa nne na robo, sawa na £25.50 kwa siku, na kwa siku 190 za shule ni £4,845 kwa mtoto mmoja. Ukiwa nao wanne ni £19,380 kabla ya gharama na kodi. Sasa mzazi akisema mwanawe hufika saa mbili na robo tu, bei ya saa inakuachia £4.50 huku nafasi ile huwezi kumpa mwingine. Hali ni hiyohiyo siku ya klabu ya mpira: nafasi imeshikwa, basi kipindi kinalipwa.

Mkataba useme waziwazi: wiki za shule tu au mwaka mzima, siku za mafunzo ya walimu, siku shule imefungwa kwa theluji, mtoto aliyetapika shuleni anachukuliwa na nani (si wewe, na arudi baada ya saa 48 bila dalili), anayepelekwa madrasa jioni anapelekwa na nani, na malipo ya kuchelewa baada ya saa kumi na mbili. Kwa Tax-Free Childcare, ambapo serikali inaongeza £2 kwa kila £8 za mzazi, andika tarehe ambayo fedha ziwe zimeshaingia kwako, kwa kuwa hutumwa leo zikafika baada ya siku kadhaa.

Kuanza Septemba kunaanzia majira ya baridi. Tenga miezi mitatu kwa Ofsted, na kozi kabla ya hapo. Majibu ya nafasi za Reception hutolewa tarehe 16 Aprili, na wiki hiyohiyo wazazi huanza kupiga simu wakitafuta mlezi. Ukiwa na namba ya usajili siku hiyo, peleka karatasi yako ofisi ya shule, uombe kuwepo kwenye mkutano wa wazazi wapya wa Juni au Julai, na uandike juu kabisa jina la shule unayohudumia.