Dakika 40

Leo nimekumbuka enzi za chuo. Sisi tusioona tulikuwa tunatumia toleo la majaribio la programu moja ya kusoma skrini, maana leseni yake ilikaribia dola 1,000. Nani anazo? Toleo lenyewe linasoma dakika 40, halafu kimya, mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Jamani, nimeandika ripoti nzima ya utafiti kwa vipande vya dakika 40!

Siku moja rafiki akaniletea flashi yenye NVDA, programu nyingine ya kusoma skrini kwa sauti. Bure kabisa. Aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye haoni, akiamini asiyeona hapaswi kulipa zaidi ya mwenye macho ili atumie kompyuta ileile. Sauti ya NVDA, iitwayo eSpeak, ni kavu kama ya roboti mwenye mafua, lakini Kiswahili kimo. Kabla ya hapo nilikuwa nasomewa Kiswahili na Mzungu wa ndani ya kompyuta. Akifika kwenye "ng'ombe" ni vichekesho.

Usiku ule sikulala. Dakika ya 41 ikapita, bado inasoma. Nikaacha kuandika, nikawa naisikiliza tu.