Kusaini si kuridhia

Ndugu zangu wa Kirumba Mwaloni, ziwa letu tunalichangia na Kenya na Uganda, kwa hiyo habari za mikataba haziishi redioni. Kosa linalorudiwa ni hili: waziri akisaini tu, mtangazaji anasema nchi "imeridhia". Hapana, bado.

Saini inaonyesha nia. Kuridhia ndiko kunakoifunga nchi. Kwa Tanzania, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo masharti yake yanataka iridhiwe. Serikali hupeleka azimio bungeni, wabunge wakilipitisha huandaliwa hati ya kuridhia, nayo hukabidhiwa kwa mtunza mkataba, yaani nchi au ofisi iliyopewa kazi ya kuutunza. Hapo katikati miaka inaweza kupita. Hata hivyo saini si karatasi tupu: Mkataba wa Vienna wa 1969, ibara ya 18, unaikataza nchi iliyosaini kuhujumu lengo la mkataba.

Sudan Kusini ilisaini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, ikakabidhi hati yake ya kuridhia 5 Septemba. Tarehe mbili, vitendo viwili.

Na sarufi jamani! Bunge limeridhia mkataba, mkataba umeridhiwa. "Bunge limeridhika na mkataba" ni kwamba umewapendeza tu, halimfungi mtu. Herufi moja hiyo, k, inageuza sheria kuwa hisia. Wanaoandika mihtasari ya vikao vya BMU, vikundi vyetu vya usimamizi wa mialo, waiangalie sana.