Tafuta Kilichomleta: Shajara ya Safari ya Ndege

Kiongozi wetu alikuwa na agizo moja tu, na alilitoa kabla mtumbwi haujaondoka ufukoni mwa Mabamba, kinamasi cha mafunjo kilichopo ukingoni mwa Ziwa Victoria, magharibi ya Entebbe. Aliponiona nimekwisha kuinua darubini na kuanza kupekua mimea, alisogea karibu akaniambia kwa upole: "Dada, usihangaike kumtafuta ndege. Tafuta kwanza kilichomleta. Ukikipata, na yeye utamwona." Uganda peke yake ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, na Kenya zaidi ya 1,100, na anayekabiliwa na idadi kama hiyo huona hana njia nyingine ila kukariri majina na rangi. Kiongozi wetu, ambaye majina hayo anayajua kwa lugha zaidi ya moja, aliyaweka kando asubuhi ile, akaanza kutusimulia habari za samaki.

Samaki mwenyewe ni kamongo. Maji yaliyofungwa na mafunjo huwa na hewa kidogo sana, na samaki wengi hawawezi kuishi humo, lakini kamongo ana mapafu, na kila baada ya muda hupanda juu kuvuta pumzi. Hapo anapopandia ndipo anapomngojea domokiatu, ndege mkubwa wa vinamasi mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye ndiye tuliyekuja kumwona. Kwa hiyo tulipita vichochoro vya maji tukitazama, si juu ya mimea, bali pale ambapo mimea inaachana na kuacha kidimbwi cheusi kilichotulia, na katika kidimbwi cha namna hiyo ndipo tulipomkuta: ndege wa rangi ya kijivu, mwenye kimo cha zaidi ya mita moja, amesimama bila kutikisika hata unyoya, mdomo wake mnene ukiwa umeelekezwa chini kifuani. Mpiga kasia alizamisha mti wake matopeni ili mtumbwi usisogee, na sote tukanyamaza.

Tulingoja sana, na sikuchoka. Kisha domokiatu akajitupa. Hakudokoa kwa shingo kama afanyavyo yangeyange. Alijirusha mwili mzima mbele, mabawa yakafunguka na kupiga maji, na alipoinuka mdomo wake ulikuwa umejaa fundo la majani na mizizi inayochuruzika tope. Akaanza kuutikisa mdomo polepole huku na huku, majani yakadondoka moja baada ya jingine, na katikati yake kikabaki kitu cheusi kinachojinyonganyonga. Kingo za mdomo ule ni kali. Aliuminya mara kadhaa, kichwa cha samaki kikakatika, akammeza. Akanywa maji kidogo, akarudi kusimama kama alivyokuwa. Nimewahi kutazama picha nyingi za ndege huyu, na hakuna hata moja iliyonieleza kwa nini mdomo wake una umbo lile. Fundo lile la majani lilinieleza.

Mpiga kasia, mzee wa kijiji cha jirani ambaye kiongozi alimfasiria maneno yake, alitueleza kwamba zamani wavuvi wa hapa waliamini kuwa ukikutana na domokiatu hutapata kitu siku hiyo, na kwa sababu hiyo walimfukuza au kumuua. Leo watu wa jamii ile ile ndio wanaowapeleka wageni kumwona, na Mabamba imo tangu 2006 katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu. Nilifurahi kusikia hivyo, ingawa nadhani hifadhi yake kubwa zaidi bado ni tope lenyewe. Inakadiriwa kuwa wamebaki kati ya 5,000 na 8,000 duniani, kuanzia Sudan Kusini hadi Zambia, na kila kinamasi kinachokaushwa ili kulimwa kinamwondoa kamongo kwanza, na baada ya kamongo hakuna haja tena ya kuuliza domokiatu alikwenda wapi.

Kutoka Uganda tuliingia magharibi mwa Kenya, hadi Kakamega, ambako ndiko kumebaki kipande cha Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile inayotanda katika bonde la Kongo. Ndani ya msitu macho hayasaidii sana. Majani yako juu mno, mwanga unaingia kwa vipande, na ndege anayeimba hatua kumi kutoka ulipo anaweza kukaa hapo asubuhi nzima usimwone. Tuliingia upande wa Isecheno kabla jua halijachomoza, na jambo la kwanza lililotufikia lilikuwa mvumo wa mabawa ya hondohondo weusi kwa weupe wakipita juu ya vilele, mvumo mzito kama wa treni inayokaribia kituo, ambao ulinifanya niinue kichwa kabla sijajua naangalia nini.

Hapa napo kiongozi hakutafuta ndege. Alitafuta siafu. Alitembea akiinama, akichunguza njia, mpaka akapata mstari wao mweusi ukikatiza udongo na kupotelea chini ya majani makavu. Akaufuata kwa macho hadi mahali ambapo mstari ulitawanyika ukawa zulia linalosogea, akatuonyesha pa kusimama, akatukumbusha tuchomeke suruali ndani ya soksi. Siafu wanapowinda, kila kilicho chini ya majani hukimbia: panzi, buibui, mende, tandu. Ndege wanaowafuata aghalabu hawali siafu wenyewe, wanakula wakimbizi. Baada ya muda mfupi akatokea alethe wa kifua cha kahawia, ndege mdogo wa chini ya msitu ambaye kwa kawaida ni mwoga sana, akatua kwenye kijiti karibu na goti langu, akateremka, akanyakua panzi, akarudi kijitini. Alifanya hivyo mara nyingi bila kutujali, kwa sababu karamu ilikuwa ya haraka na siafu hawamsubiri mtu. Wengine walikuja nyuma yake, mmoja mmoja, na tukaandika majina yao, lakini kwangu mimi asubuhi ile ni ya alethe.

Turako tuliwaona pia: turako mkubwa wa bluu akikimbia juu ya matawi kwa miguu kuliko kuruka, na turako wa Ross, ambaye akifungua mabawa huonyesha wekundu usio wa kawaida, kwani rangi hiyo ina madini ya shaba ndani yake na haipatikani kwa ndege wengine. Hatukumwona kasuku wa kijivu. Katika Kakamega wamebaki wachache mno, na ingawa nchi zilikubaliana mwaka 2016 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini, msitu uliokwisha kupunguka miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia hauwezi kuwarudisha kwa azimio la mkutano. Kiongozi, ambaye alizaliwa karibu na msitu huu, alisema kwamba wazee wa kwao bado wanazikumbuka kelele za makundi ya kasuku jioni. Alisema hivyo mara moja, kisha akaendelea na njia.

Savana ya Maasai Mara iko wazi kiasi kwamba mtu anaweza kudhani agizo la kiongozi halina kazi tena. Ndege wote wako mbele yako: kanga barabarani, kambu mwenye kifua cha zambarau juu ya kila kichaka, mbuni upeoni. Hata hivyo, tulipomwona ndege karani akitembea majanini kwa hatua zake ndefu, kiongozi alituomba tutazame miguu, si zile nyoya nyeusi za kisogoni ambazo kila mtu huzipiga picha. Ndege karani hukanyaga majani ili kumshtua nyoka au mjusi, kisha humpiga teke kichwani. Watafiti waliopima teke la ndege mmoja aliyefugwa waligundua kwamba lina nguvu ya takribani mara 5 ya uzito wake na kwamba mguu hugusa shabaha kwa muda wa milisekunde 15 tu. Tuliona majani yakitikisika na vumbi dogo. Mguu wenyewe, nakiri, jicho langu halikuukamata.

Lakini niliyotaka hasa kuyaandika kuhusu Mara ni habari za tumbusi, kwa kuwa ndio ndege ambao watu wengi katika magari mengine waliwatazama kwa kukunja pua. Tumbusi wa Afrika hunusa kidogo sana, chakula anakiona. Anapaa juu sana, na anawatazama pia wenzake, hivyo mmoja akishuka wa mbali wanajua, na mzoga uliokuwa peke yake unaweza kuzungukwa na makumi ya ndege ndani ya muda mfupi. Pale tuliposimama palikuwa na nyumbu aliyekufa. Tumbusi wa mgongo mweupe walijaa wakigombana, lakini ngozi ilikuwa bado haijapasuka, na walikuwa wakihangaika machoni na chini ya mkia tu, mpaka alipotua tumbusi mmoja mkubwa mwenye ngozi nyekundu inayoning'inia kando ya kichwa. Wale wengine walimpisha. Huyo ana mdomo wenye nguvu ya kuchana ngozi, na alipoifungua, kila mmoja alipata sehemu yake.

Uhodari huo wa kuonana angani ndio unaowaangamiza. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba akitia sumu kwenye mzoga, aghalabu kwa dawa za kuulia wadudu wa shambani, simba huenda akafika au asifike, lakini tumbusi watafika wote. Tumbusi hutaga yai moja tu, na kifaranga huchukua miezi kukua, kwa hiyo mzoga mmoja wenye sumu hufuta kizazi cha eneo zima. Tangu 2015, tumbusi wa mgongo mweupe na yule wa Rüppell wamewekwa katika kundi la spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Simlaumu mfugaji aliyepoteza ng'ombe. Hasara yake ni ya kweli na anastahili msaada, kuanzia na boma imara lisiloingilika usiku. Nasema tu kwamba tumbusi, wanaosafisha mizoga ambayo ingeoza na kueneza maradhi kwa mifugo ile ile, ndio wanaolipa deni ambalo si lao.

Mto Mara unatoka kwenye milima ya Mau, na Mau ilitufuata hata tulipouacha mto. Mto Njoro, unaoingia Ziwa Nakuru, nao unatoka huko. Nakuru palitengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968 kwa sifa ya heroe (flamingo) wake, na aliyelelewa na picha za ufuko wa waridi atashangaa leo. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu takribani 2010. Migunga ya ufukoni imekufa ikiwa imesimama majini, na katika matawi yake makavu wamejaa mnandi na viota vyao. Maji yalipoongezeka, magadi yalipungua ukali, na vile viumbe vidogo vya kijani ambavyo heroe mdogo huvichuja vikapungua pia. Ndege hawakufa njaa wakingoja, walihama. Wanaokula samaki, kama mwari na furukombe, wanaendelea vizuri tu.

Heroe tuliwakuta Ziwa Bogoria, kwenye maji ya chumvi yanayofuka mvuke wa chemchemi za moto. Kwa darubini nilimchagua mmoja nikamfuata: kichwa amekigeuza juu chini, mdomo wa juu ukiwa upande wa chini, anatembea akikipeleka huku na huku juu ya maji, huku ulimi ukifanya kazi ya pampu, ukiingiza maji na kuyatoa kupitia vichujio vyembamba vya mdomoni. Maji pale yalikuwa ya kijani kizito. Kijani hicho ndicho kinachompa ndege rangi ya waridi, na nilipouliza ndege wale wamezaliwa wapi, kiongozi alielekeza mkono kusini, ng'ambo ya mpaka.

Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Wanajenga vichuguu vya tope katikati ya magadi, mahali ambapo fisi na mbweha hawawezi kufika, na mambo yote yanategemea kina cha maji: yakizidi, viota vinafunikwa, yakipungua, wanyama wawindaji wanatembea hadi kwenye mayai. Sehemu ya maji hayo huletwa na mto Ewaso Nyiro wa kusini, ambao nao chanzo chake ni Mau. Mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu katika miaka ya 1950 kuvifikia viota hivyo kwa miguu, magadi yakamchoma miguu vibaya hata akalazwa hospitalini. Nimeamua safari yangu ijayo iwe ya Natron. Kiongozi ameniambia nibaki ufukoni, nitumie darubini ya miguu mitatu, na nisikubali chombo chochote cha kuruka kipite juu ya kundi, kwa kuwa heroe wakishtuliwa wakati wa kutaga wanaweza kuviacha viota vyote kwa pamoja. Nitafanya hivyo.